Mbao Mbili za Katikati

Mama aliniambia mapema: mbao mbili za katikati za benchi la bustanini zimeoza, zibadilishe. Mimi nikachanganya vumbi la mbao na gundi, nikaziba mashimo, nikapaka benchi zima rangi ya kijani, nikawahi mpira.

"Umebadilisha?" akaniuliza.

"Nimebadilisha, Mama."

Akanisifu kwa kila aliyepita kwamba mwanawe ana mikono ya fundi.

Wiki ya pili akarudi kutoka safarini jirani yetu, mama mnene ambaye mtaa mzima unamwita Bonge, naye huitika bila kinyongo. Kwa miaka thelathini yeye na Mama wamepiga soga kwenye benchi lile kila alasiri. Alipokaa tu katikati, kando ya Mama, mbao zikakatika, wakaanguka wote wawili, na Mama akavunjika mkono.

Kwa maumivu Mama akafoka, "Mbao mpya hizi! Ungekaa hata chini na mwili wako huo!"

Bonge akaokota kiatu chake, akaondoka. Wiki tatu hakukanyaga kwetu. Na mimi siku ile nilikuwa pale pale, nikimwinua Mama kana kwamba benchi halikunihusu.

Jumamosi ya wiki ya tatu nikalifungua benchi. Safari hii nilipima, nikakata mbao ngumu, nikazipiga msasa, nikatoboa kwanza ndipo nikaingiza parafujo. Kati ya mbao na mbao nikaacha upana wa penseli ili maji ya mvua yapite. Kazi yenyewe haikumaliza hata asubuhi moja, na hilo ndilo lililoniumiza. Mama alikuwa barazani, mkono kwenye plasta, ametenga vikombe viwili kwa mazoea, kisha akakirudisha kimoja ndani.

Mama alipoingia, Bonge alikuwa kwenye ua unaotutenganisha. Alinyoosha mkono, akaokota kipande cha mbao ya zamani kwenye rundo la takataka, akakigeuza. Akachokoa kwa kidole. Gundi na vumbi vikamwagika.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. "Mama mdogo, mimi..."

"Nyamaza. Mama yako anakuona fundi, mwache akuone hivyo hivyo. Mimi kuitwa mnene nimezoea, mwanangu. Yeye kudanganywa na wewe hajazoea."

Akakirudisha kipande kwenye takataka, upande wa rangi ukiwa juu, akaenda zake.

Afadhali angenitukana. Nilikichukua kipande kile, nikamfuata Mama jikoni, nikakiweka mezani upande uliooza ukiwa juu, nikasema yote. Hakupiga kelele. Alikwangua gundi kwa ukucha mpaka kidole chake kikapita.

"Nimemtukana shoga yangu kwa ajili ya hii," akasema. Kisha akaninyooshea mkono mzima. "Nipeleke kwake."

Aliomba radhi mlangoni, mbele yangu, kwa kosa ambalo nusu yake ilikuwa yangu. Nami nikaomba yangu. Bonge akacheka, akafuta machozi, akasema yamekwisha, tukanywe chai.

Tuliporudi kwetu, Mama akakaa kwenye benchi, akapigapiga mbao mpya za katikati. "Njoo hapa, nafasi yako."

"Hapa pananitosha," Bonge akasema.

Mbao zile zingebeba watu wanne. Bonge alikaa ukingoni kabisa, mkono mmoja umeshika pembe ya benchi, uzito wake wote ameuacha kwenye miguu yake mwenyewe.