Mama Aliniamsha kwa Sauti Nyororo

Kabla ya kipindi cha insha kiranja alifunga madirisha. Joto la mchana lilibaki ndani pamoja na harufu ya chaki, lakini hakuna aliyelalamika, kwani joto lilikuwa nafuu kuliko ndege. Watoto wa darasa la saba walikuwa wamekaririshwa mwanzo mmoja tangu wakiwa wadogo: jua lilichomoza, ndege waliimba, mama aliniamsha kwa sauti nyororo. Wakifika kwenye sentensi ya pili, ndege walikuja. Waligonga vioo kwa midomo, na penye kioo kilichovunjika wakapita na kujipanga juu ya ubao. Mfagizi alikuwa akinung'unika juu ya kinyesi chao. Shule ya jirani walifundishwa kuanza na mvua, na paa lao lilikuwa limeoza.

Kwenye dawati la nyuma alikaa msichana aliyeitwa Kifutio, kwa sababu alisugua karatasi mpaka ikatoboka.

"We Kifutio, hiyo karatasi au sufuria?" wenzake walimtania.

Mwalimu wa Kiswahili, aliyekuwa katika mwaka wake wa kwanza wa kazi, aliinua karatasi ya Kifutio kwenye mwanga na kuona kuwa tundu liko palepale kila mara, kwenye sentensi ya tatu.

"Hapa pana nini?"

"Pana mama, Mwalimu."

"Mama kafanyaje?"

"Haniamshi."

"Sasa nani anakuamsha?"

"Kufuli. Mama anafunga mlango kwa nje, halafu anapitisha ufunguo chini ya mlango ili nifungue kwa ndani. Nikisikia kufuli najua kaenda kiwandani."

"Na akirudi?"

"Nakuwa nimelala."

"Jumapili je?"

"Analala yeye."

Mwalimu alimrudishia karatasi. "Basi andika hilo."

Kifutio aliandika kufuli, ufunguo, na mama aliyechoka. Hakufuta neno. Mlango wa darasa ukafunguka na mama yake akaingia akiwa na aproni ya kiwanda cha mashati, nyuzi nyeupe zimemganda nyweleni. Kazi yake ilikuwa kushona kola, kola tu. Mikono na vifungo vilikuwa vya wengine. Darasa lilisimama likamwamkia. Aliitikia, akaketi karibu na binti yake, akalaza kichwa kwenye dawati akashikwa na usingizi. Sentensi zilipoisha hakuwepo. Pale alipoegemea palibaki uzi mmoja.

"Analala tu, Mwalimu," Kifutio alisema baada ya kipindi.

"Umeandika amechoka."

"Nikiandika hajachoka?"

"Jaribu tuone."

Alijaribu. Aliandika kwamba mama yake alikuwa na nguvu tele na kicheko mdomoni. Mama hakuja. Wakaja ndege.

Kifutio alikuwa na neno la kumwambia mama yake. Alikuwa amevunja ungo mwezi uliopita, na mke wa jirani ndiye aliyemwonyesha la kufanya, kwa haraka, huku sufuria yake ikiwa jikoni. Mwalimu alipojua hilo alijitolea kumweleza yaliyobaki. Kifutio alimshukuru kwa adabu, akasema maelezo anayo. Alichotaka ni mama yake ajue, na aambiwe na yeye mwenyewe, akiwa macho.

Kwa hiyo njia ilibaki moja: kuandika kweli tupu, tena ndefu, mpaka mama ashibe usingizi ndani ya insha na kuamka mwenyewe. Chuoni Mwalimu alikuwa amefundishwa kupunguza maneno. Sasa alipiga magoti kando ya dawati la nyuma na kufundisha kinyume chake.

"Kufuli linaliaje?"

"Mara mbili. Mara ya kwanza linakataa."

"Andika linakataa. Mikono yake inanukaje?"

"Mafuta ya mashine."

"Hata Jumapili?"

Kifutio alifikiri. "Hata Jumapili. Hata akioga."

"Andika hata akioga."

Karatasi mbili zikawa tatu. Mama alilala muda mrefu zaidi, akaanza kugeuka upande. Wenzake Kifutio walitazama wakajifunza, kwani mtoto hajifunzi kwa kuambiwa tu. Mmoja alimwandika baba yake, mlinzi wa ghala. Mwingine aliandika dada yake anayelea watoto wa watu. Ndege walipungua. Nyuma ya darasa watu wazima walilala wameegemea ukuta na miguu wameinyoosha, na kipindi cha insha kikawa kinafundishwa kwa kunong'ona.

Mwalimu Mkuu alikuja kukagua. Aliruka miguu ya mlinzi, akasoma insha ya Kifutio akiwa amesimama.

"Ndege wako wapi?"

"Hawapo, Mkuu."

"Na sauti nyororo?"

"Hiyo nayo haipo. Lipo kufuli."

"Mwalimu, mwongozo wa kusahihisha unatoa alama kwa mwanzo wenye mvuto. Mtoto huyu aanguke mtihani kwa ajili ya kufuli?" Hakuwa mtu mbaya. Alisema hayo kwa sauti ya chini ili asiwaamshe. Alipofika mlangoni aligeuka. "Na hawa wazazi wasikorome. Darasa la sita wanafanya hesabu."

Kiwanda nacho hakikugomba. Msimamizi aliona mashine zinasimama wakati wa kipindi cha insha, akauliza, akaelezwa, akaona ni jambo linaloeleweka. Alikihesabu kipindi hicho kama mapumziko, na wafanyakazi wakawa wanakifidia jioni. Mama za wanafunzi sasa walirudi nyumbani wamechelewa zaidi, na watoto waliokuwa wakibahatika kumsikia mama akivua viatu hawakumsikia tena. Waliliandika na hilo.

Karibu na mtihani, Kifutio aliandika insha yake ndefu kuliko zote. Aliandika kiti ambacho mama hukalia bila kuegemea, sauti anayopumulia, kidole kilichotobolewa na sindano na jinsi anavyokificha. Mwalimu alipita akiokota kalamu zilizoanguka. Kifutio alipofika mwisho wa karatasi ya mwisho, mama yake aliinua kichwa. Shavu lake lilikuwa na alama ya ukingo wa dawati. Alimtazama binti yake kwa macho mawili, yote wazi.

"Uko darasa la ngapi sasa?"

"La saba, mama."

"Mh. Nilidhani la sita." Alimgusa bega, akalipima kwa kiganja kama mtu apimaye kola. "Umekuwa mkubwa."

"Ndiyo, mama. Mama, nina—"

"Una karatasi nyingine?"

Kifutio alitazama dawati. Hakuwa nayo.

"Ninayo," alisema.

"Basi endelea kidogo, mwanangu." Akakirudisha kichwa kwenye dawati.

Mwalimu alichana karatasi katikati ya andalio lake la somo, akaipeleka kwa kunyata. Kifutio aliipokea kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo siku nyingine angekanywa. Wa kulia ulikuwa unaandika juu ya dawati.