Fundo la Katuku

Miraj alikuwa bado anatundika ndoo na kamba mbele ya duka lake, pale Taveta, Maundu alipoingia kuulizia uzi wa kuvulia. Akatolewa nailoni ya tilapia, ile ya kila siku. Maundu akasema hapana, anataka uzi wa kubeba kilo sabini.

"Wenda kuvua nini, ndugu yangu?"

"Naenda kumvua kakangu."

Hakuwa na mzaha. Katuku, kakake, alizama Ziwa Chala wiki tatu zilizopita akivua juu ya chelezo cha magogo, na hakuonekana tena. Wapiga mbizi walioahidiwa hawakufika. Kila siku eti gari halina mafuta. Bila mwili, hakuna cheti cha kifo. Bila cheti, Jedidah, mke wa Katuku, angenyang'anywa ploti yao ya umwagiliaji, maana kamati ya umwagiliaji ilitaka kila mwenye ploti afike mwenyewe kutia sahihi kabla ya saa kumi siku hiyo, au familia ilete cheti. Mtu amekufa na bado anatakiwa ofisini! Na ndizi za ploti hiyo ndizo zilizolisha watoto wanne.

Miraj akaingia kazini. Nailoni hunyumbuka, alieleza, huwezi kujua umeshika nini huko chini. Akachagua uzi wa kusuka, mwembamba lakini mgumu, na kipande cha waya cha kutangulia ndoana, kwa sababu mawe ya kule hukata. Pini ya kufungia na kufungulia ndoana akaikataa, ikilemewa hufunguka. Mwisho akatoa kibati kidogo kinachozunguka, cha kuunganishia uzi na waya.

"Kitu kizito hujizungusha majini," akasema kwa upole. "Kikausokota uzi wote."

Uzi wa kusuka huteleza, kwa hivyo Maundu aliufunga kwenye kibati kwa fundo la mizunguko saba kwenda kulia, akalilowesha kwa mate, akalikaza. Miraj akakata mkia kwa mkasi. Katuku hakufunga hivyo. Yeye alikuwa wa shoto, mizunguko mitano kwenda kushoto, na mkia hakukata kamwe. Alisema samaki naye aachiwe ndevu za kuchezea. Maundu alikuwa akimcheka sana kwa hilo.

Saa tano alikuwa ukingoni mwa maji. Ziwa lilikuwa limetulia mno, hakuna upepo, hakuna ndege. Uzi ulishuka, ukashuka. Mara ya tatu kitu kikashika. Hakikupapatika kama samaki, wala hakikukwama kama jiwe. Kilikaza taratibu, kikalegeza, kikakaza tena, kama mtu aliye na kazi mkononi. Kisha kikaachia.

Maundu akavuta mpaka mwisho. Ndoana ilikuwa tupu. Lakini fundo lililoshika kibati lilikuwa na mizunguko mitano, kwenda kushoto, na mkia mrefu ulining'inia. Alihesabu mara mbili. Aliogopa, wacha nisifiche, na ndani ya woga huo akafurahi pia.

Alilikata fundo pamoja na kibati chake, akaliweka ndani ya kofia, akapanda boda kurudi mjini. Jua lilikuwa kali. Alipofika, uzi ulikuwa umekauka kabisa.

Jedidah alikuwa kwenye benchi la ofisi ya kamati tangu asubuhi. Maundu alimweleza, akamwonyesha. Mwanamke yule aligusa mkia wa fundo kwa kidole, hakulia, akainuka akaingia kwa Thadeus, karani. Fomu ilikuwa mezani, na chini yake iliandikwa: sahihi au alama ya mwenye ploti. Jedidah alichukua stepla ya Thadeus, akalibana fundo hapo hapo.

"Mlisema aje mwenyewe," akasema. "Amekuja."

Thadeus aliguna, karibu acheke. Akaanza kueleza habari ya utaratibu.

Fomu ikaanza kulowa. Kutoka kwenye fundo lile kavu maji yalitambaa juu ya jina la Katuku, juu ya muhuri, mpaka ukingo wa meza, yakadondoka sakafuni. Thadeus alisogeza kiti nyuma.

"Fomu iliyolowa haipokelewi," akasema.

Lakini mkono wake haukuthubutu kuiondoa. Jedidah akavuta kiti, akakaa, akangoja aipokee.