Nzi wa Nahodha Othman

Mume wangu Othman alivua asubuhi nzima bila ndoano, na wenzake wakamsifu.

Mambo yalianza kwa Abubakar, aliyekuwa akiendesha boti ya hoteli kule Diani. Mgeni mmoja alimwachia fito tatu nyembamba za kuvulia na kibati cha nzi. Si nzi wa kuruka. Ni manyoya na nyuzi za rangi zilizofungwa juu ya kindoano kidogo kuliko punje ya mchele, ili samaki aitwaye trauti adhani ni mdudu aliyeanguka majini. Samaki hao wako katika ziwa moja juu ya Mlima Kenya. Basi Abubakar, Swabir na Othman, wenye mashua moja pale Mwabungo, wakaamua kwenda kuwaonyesha watu wa bara uvuvi ni nini. Mimi nilikwenda kupika. Hivyo ndivyo walivyoambiwa.

Ukweli ni kwamba nilifuata macho ya Othman. Tangu mfungo yalikuwa yameingia ukungu. Nikimpa chai hupapasa mvuke kwanza ndipo akipate kikombe. Daktari wa Msambweni alisema ni mtoto wa jicho, atolewe. Othman akasema atatolewa akizeeka. Ana miaka sabini na miwili. Alilohofia ni wenzake: wakijua haoni, usukani watampa Swabir. Nililohofia mimi ni kwamba hawajui, na kila siku wanapanda naye.

Ziwani palikuwa na baridi ya kukata masikio. Nilijifunga leso tatu na juu yake sweta la Swabir. Abubakar alifunga nzi wake, Swabir wake. Othman akawapa mgongo, akajaribu kupitisha uzi mara nne, ya tano akamtia yule nzi mfukoni, akasema, "Tayari."

Akarusha. Na alivyorusha! Mshipi ulinyooka hewani, ukalala juu ya maji bila kuyaamsha.

"Tazama mkono huo," alisema Abubakar. "Huo una miaka hamsini baharini."

"Wangu unatua kama dafu," alisema Swabir.

Jua likapanda, hakuna aliyepata kitu. Nikampelekea Othman chai.

"Mfukoni mna nini?" nilimuuliza kwa sauti ya chini.

"Tasbihi."

"Ina manyoya?"

Akatega sikio upande wa wenzake. Kisha akaninong'oneza, "Nifungie, Mama Ikram. Upesi, hawajageuka."

"Nitakufungia. Na Jumatatu twende kwa daktari."

"Inshallah," akasema, ile inshallah ya kumwondolea mtu mlangoni.

Nimeshona kofia tangu usichana. Uzi na tundu dogo havinisumbui. Hajamaliza kikombe, ufito ukapinda. Akavuta trauti mwenye madoadoa, urefu wa kiganja na nusu. Kwetu huyo hupewa paka, lakini walipiga kelele kama wamepata nguru.

"Nahodha, siri ni nini?" aliuliza Swabir.

Angeweza kusema ni bahati.

"Asubuhi yote sikufunga nzi," akasema. "Samaki wa mlimani hana haraka. Kwanza mzoeshe mshipi mtupu. Akishauzoea, ndipo umpelekee chakula."

Abubakar alitikisa kichwa kwa heshima. Wote wawili wakawafungua nzi wao. Kwa saa nzima watu wazima wale walirusha nyuzi tupu, na Othman akiwasahihisha viwiko asivyoviona. Mimi nilimenya viazi.

Hatimaye Swabir alikuja akipuliza vidole. "Hawa wameshazoea. Nifungie wewe, Nahodha, vidole vyangu vimekufa ganzi." Akamwekea nzi kiganjani.

Othman aliushika uzi. Akausogeza karibu na pua, akaurudisha mbali. Akageuza uso pale alipodhani nimekaa. Nikaendelea na kiazi changu. Abubakar naye akasogea.

"Sioni, Swabir," Othman akasema.

"Ni huu ukungu. Ngoja upite."

"Ukungu huu nimekuja nao kutoka nyumbani."

Swabir akamchukua nzi wake kutoka kiganjani mwa Othman.

"Tangu lini?"

"Tangu mfungo."

"Lakini juzijuzi," alisema Abubakar, "tulirudi na mawimbi yale makubwa. Ulitupitisha kwenye mlango wa mwamba, kushoto jabali, kulia jabali. Mimi nililala usingizi!"

"Nilipita kwa kusikia."

"Kusikia nini?"

"Maji yakipiga jabali. Yasipopiga, ndipo mlango ulipo."

Abubakar aliketi polepole juu ya jiwe, akavua kofia yake, na kwa baridi ile yote akaanza kutoka jasho.

"Bi Tumu," akaniuliza, "daktari wa macho pale Msambweni hufungua saa ngapi?"