Moto wa Mavi ya Antoine

Mambo yaliharibika Jumamosi tarehe 15 Juni 2024, kesho yake ikiwa Idi, pale Antoine alipofika mchana kweupe na mkokoteni wake kwenye shimo la gesi la soko la Kasongo.

Zuberi ndiye aliyelichunga shimo hilo. Alilitia maganda ya muhogo na ndizi zilizooza, juu ya mavi ya mbuzi ambayo wakubwa wa mradi walisema yanaletwa alfajiri, yeye akiwa msikitini. Uchafu ulivunda humo, ukatoa hewa, na hewa ikapita kwenye bomba la mpira hadi jikoni kwa wamama wa sokoni, ikawaka buluu, bila moshi. Moshi ndio uliomuua mke wake, Amisa. Na binti yao Mounira, anayepika chakula cha kuuza hapo, kikohozi chake kilikuwa kimeanza kumwacha. Zuberi hakuomba kingine duniani.

"Shemeji, iko nini inanuka hivi?" Mama Sifa, mmoja wa wapishi, akauliza, mwiko mkononi.

"Mavi ya nguruwe zangu. Shefu wa mradi alinituma. Mwezi muzima naleta, leo tu nimechelewa."

Mama Sifa akatupa mwiko. "Antoine! Umetulisha nguruwe!"

"Mmekula sombe, majani ya muhogo tu, mama! Nguruwe hata mkia hamkuuona."

Wakristo wenzake Antoine wakacheka. Waislamu wakaanza kutoa sufuria zao. Mounira naye akatoa yake, bila kumtazama baba yake.

Zuberi alimkuta shefu, mkuu wa mradi, kivulini, kinywaji baridi mkononi.

"Lori halina mafuta, mzee. Mbuzi wako mbali, nguruwe wako karibu. Moto hauna dini."

"Nyumbani kwako wanapikia nini?"

"Makaa."

Zuberi akaondoka. Hao ndio wakubwa: maendeleo wanakuletea, ila kukuuliza kwanza, midomo inakuwa mizito.

Jioni Antoine akamfuata nyumbani, kichwa chini. "Papa Zuberi, mimi sikujua kama hamjui. Nitaleta ya mbuzi, na mikono yangu."

"Utayatenganisha namna gani, ndugu yangu? Humo chini yameshachanganyika."

Baada ya swala ya Idi Zuberi akamwendea imamu Mahamudu. Imamu akavuta ndevu.

"Nguruwe ni najisi, hilo hata mutoto anajua. Lakini haya yameoza, tena yameungua. Acha niwaulize walio juu yangu, kule Kindu."

Wakubwa tena! Mvua zimekuja zikapita, Kindu kimya. Shimo linatokota peke yake, na hewa inapotea bure.

Mounira amerudi kwenye mafiga. Juzi kuni zilikuwa mbichi. Zuberi akachuchumaa karibu naye, akipepea moshi upande wake mwenyewe. Binti akakohoa mpaka akashika ukuta. Alipopata pumzi akafuta macho.

"Baba, uchafu ukishakuwa hewa, na hewa ikawa moto, ile najisi inabaki wapi?"