Rangi Juu ya Vitundu

Barasa aliipaka feni rangi kwa sababu wageni walikuwa wanakuja. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na wala huwezi kumlaumu sana. Nani kati yetu hajapaka chokaa ukuta, mawe na hata mti aliposikia mgeni yuko njiani?

Ndila, mhandisi aliyemwajiri Barasa, alifika karakana yake ya Ruiru asubuhi akiwa na furaha, maana stima ilikuwa imerudi baada ya siku tatu za giza, na sasa feni ingeweza kuwashwa. Akaikuta feni inang'aa kijani.

Feni hiyo, pana kuliko mlango, ilikuwa ya kiwanda cha njugu za makadamia huko Thika. Mwezi uliopita panga lake moja lilikatika, likaruka na kumvunja mfanyakazi mmoja, Musembi, bega. Wakubwa wakasema ni bahati mbaya, wakafunga panga jipya. Ndila hakuamini. Aliiazima feni kwa wiki moja, akatoboa vitundu ishirini na vinne kwenye panga moja, vyembamba kama sindano, na kila kimoja akakiunganisha kwa kijibomba na kipimo kilichofungwa katikati. Feni ikizunguka, angejua hewa inalisukuma panga kwa nguvu gani, na wapi inalitikisa mpaka lichoke na kukatika. Bila namba hizo hakuwa na la kuwaambia wakubwa. Na chini ya feni hiyo ndipo mahali pa kazi pa Ngina, mama yake mzazi, anayechambua njugu.

"Barasa, umenimaliza!"

"Madam, si ulisema wakubwa wanakuja kuichukua saa kumi? Nikaona tusiaibike." Alipoonyeshwa, uso ukamshuka. "Woi! Kumbe hizo shimo ni za kazi? Nilidhani ni kutu imekula. Nikaziba na filla kwanza."

Wakachokoa kwa sindano, wakapuliza, wakamwomba Mungu. Kufika saa tisa na nusu, vitundu vitatu tu vilikuwa vimefunguka. Ndila akawasha feni. Namba tatu zikaja, zikapanda na kushuka vibaya, na moyo wake ukashuka nazo.

Meneja wa kiwanda, Muasya, alifika na lori saa kumi kamili. Akatazama karatasi.

"Tatu kwa ishirini na nne? Hiyo hata shuleni ni kuanguka."

"Niachie mpaka kesho, tafadhali. Mama yangu anafanya kazi chini yake."

"Na kiwanda kikisimama, huyo mama atafanya kazi gani?" Akaipapasa feni. "Lakini mmeitengeneza vizuri, siwezi kudanganya."

Ikapakiwa. Barasa alikaa kwenye ndoo ya rangi akilia bila kujificha.

Kesho yake, wakati wa chai, Ndila akampigia mama yake simu.

"Mwaitu, usisimame chini ya hiyo feni. Nakusihi."

Ngina akacheka. "Wacha uoga, mtoto wangu. Tangu Musembi aumie, hakuna mtu alikuwa anakubali kusimama hapa. Lakini leo tumeona vile mmeifanya mpya, tukarudi wote."

Nyuma ya sauti yake feni ilikuwa ikivuma.