Mti Ulioitwa Félicité

Félicité alikuwa akichambua ndagala, dagaa wa ziwani, mlangoni kwake Kasenga, mtaa wa Uvira, mwaka wa sitini na tatu, mti uliposhuka kutoka milimani ukasimama uani. Ulikuwa mugote, wa jamii ya mizambarau, ila wa aina isiyojulikana hata na wachungaji wa huko juu: maua meupe, tunda dogo la kumkunjisha mlaji uso. Mizizi ilikuwa imejaa vumbi la safari. Félicité aliumwagilia ndoo nzima kwanza, habari baadaye.

Mumewe Cyprien aliutambua mara moja. Ndiye aliyeuona kabla ya mtu mwingine, enzi za Wabelgiji, alipokuwa akimbebea Mzungu wa mimea magazeti ya kukaushia majani. Mzungu alipouliza uitweje, Cyprien, bwana harusi wa juzijuzi, alitaja jina la mkewe. Mzungu akaandika. Baada ya uhuru kitabu kilikuja kwa posta: mti umepewa jina la Louise, mama mkwe wa Mzungu. Cyprien aliumia kuliko alivyokiri. Aliandika barua tatu za kulalamika.

Basi uani kukawa na akina Félicité wawili. Cyprien akiita, mke aliitika na mti ukadondosha tunda.

"Weye unaita nani?" mke alimuuliza.

"Minye naita bote, mama."

Mwaka uliofuata waasi waliingia Uvira wakagawa kadi za chama. Cyprien siku hiyo alikuwa shambani Nyakabere. Katibu wao aliita Félicité, wakaitika wawili. Akaandika jina mara moja tu, maana karatasi zilikuwa zinaisha.

Jeshi la serikali liliporudi, kadi ileile ikawa hatia. Askari watatu walisimama uani na orodha ya wenye kadi.

"Félicité iko wapi?"

Félicité aliweka sahani chini, akainuka. Mti ukamtangulia. Uling'oa mizizi polepole, ukaenda kusimama katikati ya askari. Sajini aliutazama, akatazama orodha, akatia alama.

"Iko moya tu. Twende."

Mti ukafungwa kambini kwao. Hakuna kesi iliyosomwa, wala barua iliyojibiwa. Kila alasiri Félicité hubeba ndoo hadi kambini, pamoja na wanawake wanaowapelekea waume zao chakula.

"Maji ya nani?" askari wa mlangoni huuliza.

"Ya Félicité."

Askari huangalia orodha, hulikuta jina, huipokea ndoo.