Kisima cha Shangazi Verlene

Geti la hifadhi hufungwa saa kumi na moja kamili, na Coralie alishaitazama saa yake mara kumi. Kesho asubuhi angempeleka shangazi yake mjini Adelaide, akaanze kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Huko hakuna cha kurudi. Na kisima kilichofichwa kule kwenye vilima vya mchanga, maji baridi waliyokunywa babu zao Wanarungga, wenyeji wa pwani hii ya Australia, tangu enzi na enzi, anayekijua ni mmoja tu: huyu huyu Verlene, aliyenyang'anywa macho na kisukari, ambaye sasa alikuwa kwenye kiti cha mbele cha gari akitafuna soseji kwa raha zake.

"Shangazi, tushuke basi!"

"Unakimbilia wapi? Wenyewe hawajasalimiwa."

Akashuka polepole, akageukia bahari, akawapazia sauti mababu. "Ni mimi, Verlene! Nimekuja na Coralie, binti wa kaka yangu Clarrie. Ana haraka zake, mtamvumilia!"

Coralie akauma meno. Akamshika mkono, akampitisha kwenye njia mpya ya mbao waliyojengewa watalii. Imenyooka, haina mchanga, ungetaka nini zaidi? Ndege emu, mrefu kama mbuni, na vifaranga wake wakakatiza mbele yao bila wasiwasi. Baada ya nusu saa shangazi akasimama.

"Hapa ni wapi?"

"Unaniuliza mimi? Si wewe unayejua!"

"Nilikuwa najua miguu ikiwa chini. Hizi mbao zako zinaniambia nini? Turudi mwanzo."

Loo, hasira zilimpanda Coralie hadi machozi yakamtoka! Nusu saa nzima imepotea, na nusu saa nyingine ya kurudi. Kwenye maegesho wakamkuta Darcy, askari wa hifadhi, ameshika funguo.

"Zimebaki dakika arobaini, mama. Nitawapigia honi."

Shangazi akavua viatu.

"Daktari amekukataza kutembea peku!"

"Daktari anaijua njia?"

Safari hii yeye ndiye aliyetangulia, mkono wa Coralie ukiwa begani kwake, akipapasa kwa nyayo. "Maganda ya chaza. Hapa wazee walikuwa wanakula." Hatua nyingi tena. "Mawe makali. Sasa kushoto, upepo ukupige sikio la kulia." Wakapanda, wakashuka. Coralie alikuwa akihesabu dakika tu, hakushika hata alama moja ya njia.

"Hapa," shangazi akasema.

Coralie akaangaza macho. Vichaka. Mchanga. Honi ikalia kule mbali.

"Hakuna kitu hapa, Shangazi! Umekosea tena! Siku nzima unanizungusha, na kesho..."

"Miguuni umevaa nini?"

Akavivua viatu vyake kwa hasira, akavitupa. Mchanga ukamuunguza. Akaruka, akapiga hatua moja, mbili, na mguu wa kushoto ukatua penye ubaridi. Akapiga magoti, akachimba. Mkono ulipozama hadi kiwiko, vidole vikalowa.

Shangazi akayanywa maji kiganjani mwa mpwa wake, akajifuta mdomo. Honi ikalia tena, ndefu.

"Haya, fukia twende. Wanafunga geti."

"Wacha wafunge," Coralie akasema. Akafukia, akamkalisha shangazi kivulini, akarudi peku mpaka kwenye maganda ya chaza. Akafumba macho, akaanza kuisoma njia upya kwa nyayo.